Kiurdu cha Uingereza: kukisema hakutoshi

Sensa ya England na Wales ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 1.1 wa asili ya Pakistani. Ya 2021 ikakuta milioni 1.6. Katika sensa hizo hizo, waliosema Kiurdu, lugha ya taifa ya Pakistani, ndiyo lugha yao kuu walikuwa takriban 269,000, kisha 270,000. Watu wameongezeka karibu nusu milioni, lugha imebaki pale pale. Ni rahisi kuchukua tarakimu hizi na kuwasimanga vijana wa Bradford na Birmingham kwamba wametupa asili. Mimi sizitumii hivyo. Sensa iliuliza lugha kuu ni ipi. Haikuuliza nani anaweza kusoma barua ya shangazi yake, na hilo ndilo linalonisumbua.

Wanaoyaona madarasa ya Kiurdu ya Jumamosi kuwa mzigo wana hoja, tena nzito. Wapakistani wengi wa Uingereza wana asili ya Mirpur, katika Azad Kashmir, sehemu ya Kashmir iliyo chini ya Pakistani, ambako ujenzi wa bwawa la Mangla miaka ya 1960 ulihamisha watu kwa maelfu. Nyumbani wanaongea Kipahari, lugha ya huko kwao. Kiurdu kwao ni lugha ya shule, ya redio, ya kuzungumza na mgeni wa heshima. Hata Pakistani kwenyewe, wanaokikuta nyumbani kama lugha ya mama hawafiki asilimia 10. Basi mtoto ana Kiingereza cha shuleni, Kipahari cha bibi, Kiarabu cha msikitini jioni, halafu Jumamosi asubuhi anaongezewa cha nne na kuambiwa ndiyo lugha yake. Anayesema tukiokoe Kipahari kwanza hasemi upuuzi.

Halafu kuna simu. Vijana wanaandikiana Kiurdu kwa herufi za Kilatini kutwa nzima, badala ya hati yake inayotokana na ya Kiarabu, na wanaelewana. Hapa Mswahili atauliza: kwani sisi hatukuiacha hati ya Kiarabu tukaendelea? Tuliiacha, lakini Kiswahili cha Kilatini kilipata shule, magazeti, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha lugha na tahajia. Kiurdu cha simu hakina mlezi wa namna hiyo. Kila mtu anaandika anavyosikia, neno moja lina sura tatu, na t moja inabebeshwa sauti mbili ambazo hati yenyewe inazitenganisha. Gazeti, kitabu cha shule, kibao cha dukani, vyote bado viko kwa ile hati ya mlazo, nastaliki. Na sisi wenyewe tusijisifu sana: barua za mababu zilizobaki masandukuni Lamu na Mombasa, wangapi leo wanazisoma?

Lakini yote hayo kwangu ni madogo mbele ya karatasi moja: nikahnama, fomu ya ndoa ya Pakistani inayotokana na sheria ya familia ya 1961. Kipengele cha 18 kinauliza kama mume amemkabidhi mke haki ya kutoa talaka, na kwa masharti gani. Cha 19 kinauliza kama haki ya mume mwenyewe ya kutaliki imewekewa mpaka wowote. Mara nyingi msajili huvikata kwa mstari vyote viwili kabla bibi harusi hajaiona fomu. Sasa mchukue binti wa Birmingham aliyekwenda kuolewa huko. Kiurdu anaongea, tena cha kumpendeza mama mkwe. Fomu inawekwa mapajani, mashahidi wamesimama, mtu anamwonyesha kwa kidole: sahihi hapa, na hapa. Mstari ule wa wino haumwambii kitu. Atatoa simu aipige picha imtafsirie, mbele ya wakwe? Hiyo ndiyo programu ya tafsiri tunayoambiwa imemaliza haja ya kusoma.

Kusoma peke yake hakumlindi, najua. Wapo wanaosoma vizuri na wakanyamaza kwa haya, au kwa kuwa baba ameshakubali kila kitu. Hata hivyo, aliyesoma na kunyamaza anajua alichonyamazia, na akirudi nyumbani anaweza kumwambia mdogo wake aangalie kipengele cha 18.

Lawama ninayoikubali ni ya ufundishaji. Mtoto aliyekhitimu Qur'ani akiwa na miaka minane au tisa ameshazijua herufi nyingi. Kilichobaki ni kumi hivi za ziada, kama ile p yenye nukta tatu chini, na ile t iliyobebeshwa alama ndogo kichwani. Kazi kubwa ni kuzoea ukurasa usio na irabu, maana msahafu umemzoesha kuzikuta kila mahali. Hapo ndipo anapokwama, na hapo ndipo mwalimu angekaa naye. Badala yake madarasa mengi yanamrudisha kwenye alifu kama hajawahi kuiona, anaimbishwa mwaka mzima, na akifika sekondari amekwisha kuichukia Jumamosi. Mpeni mtoto huyo fomu tupu ya nikahnama aisome kipengele kwa kipengele, akiwa na miaka kumi na mitatu, bado hakuna harusi wala wakwe wa kumwonea haya.