Joka tumelikubali, mbao zimetoka wapi?

Kuna hoja moja ambayo ikitolewa barazani, mazungumzo hufa papo hapo. Mtu analalamika kwamba misimu ya mwisho ya Game of Thrones ilikwenda ovyo, watu wanavuka bahari kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Hapo hakosi kutokea mmoja, mara nyingi yule aliyeegemea ukuta tangu alasiri, akasema: "Sasa wewe, hadithi ina majoka yanatema moto, maiti zinafufuka, halafu unauliza upepo?" Watu wanacheka, kashata inapitishwa, na mlalamikaji anabaki kama mtoto aliyeuliza swali la kitoto.

Nami nimecheka naye mara nyingi. Ila kila nikiirejea tamthilia ile, na sasa vijana wanaitazama upya kwenye simu kama imetoka jana, naona mlalamikaji yule amedhulumiwa. Hayo ya Daenerys, binti mwenye majoka anayekidai kiti cha enzi, kugeuka na kuuchoma mji yameshasemwa yakaisha, na zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la mtandaoni la kutaka msimu wa nane urudiwe. Mimi langu ni bahari.

Tuanzie nyumbani. Bibi akisema "Paukwa", tuliitika "Pakawa", na yeye akaendelea: kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, kijino kama chikichi, cha kujengea vikuta na vilango vya kupitia. Nimeyasikia maneno hayo utoto mzima bila kuyatia maanani. Zimwi bado halijatajwa, sungura bado hajatajwa, na tayari msimulizi ameshajenga nyumba na kuitia kuta na milango. Zimwi litakuja, na likija litakula watu. Hilo tulilikubali pale tulipoitika. Lakini litaingia kwa mlango. Bibi akichoka, akalipitisha zimwi ukutani ili hadithi iishe akalale, mtoto mdogo kuliko wote ndiye atakayesema: "Bibi, si umesema mlango umefungwa?" Mtoto huyo zimwi analiamini kuliko sisi sote. Mtetezi atakujibu kwamba tulikwishasema "uongo njoo". Kweli tulisema. Basi na aumalizie mwitiko wenyewe: "utamu kolea".

Tamthilia hii ilipoanza, Aprili 2011, ilikuwa na kuta na milango ya kutosha. Katika sehemu ya kwanza kabisa mfalme Robert anafika Winterfell, ngome ya ukoo wa Stark huko kaskazini, na kabla hajapumzika anataka kwenda kuzuru kaburi. Mkewe anamkumbusha kwamba wamekuwa njiani mwezi mzima. Ukuta wa kaskazini una urefu wa kama kilomita 480, yaani ukizipanga Unguja tano mstari mmoja bado hazifiki, na walinzi wake hawatimii elfu. Ngome ni kumi na tisa, zenye watu ni tatu tu. Hesabu hiyo haikuwekwa kwa urembo, maana shida zote za ukuta ule zimetoka humo.

Au mchukue Robb Stark, kijana wa ukoo ule wa Winterfell. Anashuka na jeshi lake kusini, anakuta mto. Daraja ni moja, na mwenyewe ni mzee Walder Frey, ambaye hampitishi mtu bure. Bei yake ni Robb aoe binti yake. Robb anakubali, anavuka, kisha moyo unampeleka kwa mwengine. Yaliyofuata kwenye harusi nyumbani kwa Frey mwaka 2013, Robb na watu wake wakachinjwa, kila aliyetazama anayajua, na wako waliozima televisheni wakakaa kimya. Mto ule ungevukika popote, mauaji yale yasingekuwepo, maana Robb asingekuwa na haja ya kumuahidi Frey chochote.

Na Daenerys je? Majoka anayo tangu mwisho wa msimu wa kwanza. Jeshi analo tangu msimu wa tatu. Asichokuwa nacho ni meli. Pale mji wa Qarth anakwenda kwa tajiri huyu na yule akiomba vyombo, wanamcheka. Pale mji wa Meereen anazipata, zinachomwa moto bandarini. Misimu sita mwanamke huyu anaitazama bahari, na watazamaji tunanung'unika kwamba anachelewa, lakini tunaelewa kwa nini anachelewa: meli ni ghali, meli ni muda, meli ni msitu mzima uliokatwa na mafundi waliolishwa. Kiti cha enzi kiko ng'ambo ya maji, na maji hayavukwi kwa hamu.

Sasa aingie Euron Greyjoy. Katika msimu wa sita ananyakua ufalme wa Visiwa vya Chuma, watoto wa nduguye wanamkimbia na vyombo vizuri vyote, naye anawaambia watu wake wamjengee meli elfu moja. Visiwa vyenyewe ni majabali. Kaulimbiu ya ukoo wake ni kwamba wao hawapandi, na kweli hapana mti wa maana unaoonekana pale. Msimu wa saba unafunguka, huyo hapo mji mkuu, King's Landing, mbele ya malkia Cersei, anajinadi kwamba ana meli elfu na mikono miwili mizima.

Kipande hicho nilimuonyesha fundi mmoja wa vyombo kule Nungwi. Alikuwa amechutama ubavuni mwa jahazi akitia kalafati: pamba imesokotwa kama utambi, imerowa mafuta, anaisukuma baina ya ubao na ubao kwa patasi butu, tak, tak, anasogea shibiri moja, anaanza tena. Chombo kile nilikiona mifupa mitupu kabla ya Ramadhani, na siku hiyo Mfunguo Tatu ulikuwa umeingia. Aliipokea simu kwa mikono miwili akaitazama kwa mbali, kama watazamavyo wazee. Kwanza nilimuonyesha joka. Alilitazama kimya hadi mwisho, wala hakuniuliza linakula nini. Kisha nikamuonyesha Euron.

"Mataruma yake ya mti gani?" akauliza, yaani mbavu za chombo.

Nikamwambia sijui.

"Taruma halitoki kwenye ubao ulionyooka, mwanangu. Unakwenda porini unatafuta tawi lililojipinda lenyewe, na kila pahala pa chombo pana pindo lake. Mimi hiki kimoja kimenitembeza. Elfu? Kisiwa chake kina msitu gani?"

"Hakina msitu, ami. Mawe matupu."

"Basi kavijenga kwa mawe," akasema, akanirudishia simu yangu.

Lile jibu la barazani, "ina majoka, unauliza upepo", lilinifia hapo. Mzee huyu joka alilipokea bila ya kinyongo. Kilichomkwaza ni ubao, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba katika dunia ile ubao ni kitu kingine. Wangesema mapema tu kwamba Euron ana uchawi wa kuotesha meli, angekubali hilo pia na kuendelea na kazi yake. Na kwangu hasara kubwa zaidi ni kwamba meli elfu za Euron zinamdhulumu Daenerys. Kama meli elfu zinapatikana juu ya jabali kwa kipindi kile, binti yule alikuwa anahangaikia nini misimu sita? Kila mlango aliobisha Qarth unageuka kuwa upuuzi, kwa sababu ya mtu aliyekuja kujisifu kwa dakika mbili.

Halafu vyombo hivyo vikaanza kutembea. Mwandishi wa vitabu, George R. R. Martin, amewahi kusema Westeros, bara la hadithi hii, ina ukubwa kama wa Amerika ya Kusini. Visiwa vya Chuma viko magharibi. Euron anazivamia meli za wale watoto wa nduguye, ambao wamemuunga mkono Daenerys, upande wa mashariki. Anapeleka mateka King's Landing. Na katika sehemu hiyo hiyo ya tatu ya msimu wa saba anatokea Casterly Rock, pwani ya magharibi, anachoma meli nyingine. Kalizunguka bara zima. Ahmad bin Naaman alipoitoa Sultana hapa Unguja kuipeleka New York, ambako alifika Aprili 1840, alikaa baharini karibu miezi mitatu, na alikuwa nahodha anayejua kazi yake.

Tena sisi tuna ugonjwa wetu hapa. Neno tunalotumia kwa mafungu ya tamthilia, msimu, ni mawsim ya Kiarabu, na ndilo lililowapa Wazungu jina la pepo hizi. Aliyekuja na kaskazi kutoka Uarabuni au Bara Hindi alikaa akingoja kusi imrudishe, na katika kukaa huko alikopa, alioa, aligombana na jirani, akaacha mtoto. Mji Mkongwe umejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa wakisubiri upepo. Kwa hivyo mtu wa hapa akiona chombo kinakwenda bila kusubiri, anajua kuna maisha mazima yaliyokatwa pale. Nani Euron alikosana naye njiani? Maji ya kunywa aliyatia bandari gani?

Wanaoitetea tamthilia nao wana lao, na baadhi yake nalikubali. Vitabu viliwaishia mkononi: cha tano kilitoka 2011, cha sita mpaka leo hakijatoka. Msimu wa saba ulikuwa na sehemu saba, wa nane sita, wakati misimu ya nyuma ilikuwa na kumi kumi. Na sisi wenyewe ndio tuliolalamika kwamba Meereen pamezidi. Tena matukio hayaendi sambamba daima. Varys, mshauri wa Daenerys, anaonekana Dorne, kusini mwa bara, kisha katika sehemu ile ile yumo melini na Daenerys, na ukihesabu kwamba wiki kadhaa zimepita katikati, hapana kosa. Hata bibi alikuwa akiikata safari kwa "wakenda, wakenda, wakenda". Sawa. Lakini bibi aliivuta ile "wakenda" ya tatu mpaka mtoto akapiga mwayo, na kwa kuivuta huko njia ilionekana ndefu.

Alan Taylor, aliyeongoza sehemu ile ya kunguru kuruka kutoka ukutani hadi kisiwa cha Dragonstone na majoka kuja kuokoa watu, alikiri kwamba muda wake ulikuwa na ukungu. Namheshimu kwa kukiri. David Benioff, mmoja wa watungaji wakuu, maelezo yake ya msimu wa nane yalinishinda zaidi: Euron anavizia nyuma ya jabali, mishale mitatu inaliangusha joka Rhaegal kutoka angani, na sababu tuliyopewa ni kwamba Daenerys alizisahau kidogo zile meli. Mtoto wa Makunduchi akipanda mnazi anaona ngalawa iliyo mbali na kukwambia ya nani. Huyu yuko juu ya joka.

Sehemu moja baadaye, mishale ile ile haigusi kitu.

Kikombe cha kahawa kilichosahauliwa mezani mbele ya kamera hakinihusu. Mimi mwenyewe vikombe nasahau. Wala sijiungi na wanaomsakama Martin kwa majira yake ya miaka mingi isiyo na hesabu, ingawa kwa mtu wa Pemba, ambako vuli ikikawia wiki mbili mkulima anaanza kukuna kichwa, kiangazi cha miaka tisa ni jambo la kutisha kuliko joka. Watu wale wanahifadhi wapi chakula? Martin amesema sababu ya majira yale ni uchawi na itaelezwa. Alilitamka mwanzoni, tukaitika. Tamthilia ndiyo iliyolichukua tishio hilo, baridi iliyoahidiwa tangu siku ya kwanza, ikalimaliza kwa usiku mmoja wa vita, na katika dakika za mwisho za Mei 2019 tayari tunaonyeshwa jani la kijani linachomoza thelujini. Njaa ile tuliyoogopeshwa haikumpata mtu.

Nilirudi Nungwi baadaye kwa shughuli nyingine. Jahazi lilikuwa limeshapakwa sifa, yale mafuta ya papa, na linanuka kweli kweli, lasubiri bamvua lishushwe. Fundi alinikumbuka, akaniuliza yule bwana wa meli elfu aliishia wapi. Nikamwambia joka moja lilizichoma zote asubuhi moja.

"Zote?"

"Zote, ami."

Akafikiri kidogo, anajifuta mikono kwa kitambaa.

"Mbao mbichi," akasema, "haziungui upesi hivyo."