Orodha ya faragha isiwe mahali pa kuendeshea mradi

Miradi mingi ya programu huria ina angalau orodha mbili za barua pepe: ya wazi, ambayo yeyote hujiunga na kumbukumbu zake zinasomwa na dunia nzima, na ya faragha, ya wasimamizi peke yao. Kwenye Apache, taasisi inayolea miradi mingi ya aina hiyo, kila mradi una dev@, ya wazi, na private@, ya faragha. Msimamo wangu ni kwamba anayetaka kuandika kwenye private@ ndiye anayepaswa kutoa sababu, na sababu zinazokubalika ni chache: kumjadili mtu, udhaifu wa kiusalama ambao haujazibwa, au suala la kisheria.

Kwa watu, faragha ina haki yake. Mchangiaji akipendekezwa kupewa ruhusa ya kuingiza msimbo, kura hupigwa private@ kwa saa 72 au zaidi. Ikipita, mwaliko unatumwa kwake tu, na tangazo kwenye dev@ linasubiri mpaka akubali. Mkimjadili hadharani akakosa kura, maneno yenu atayakuta kwenye Google miaka mingi baadaye, na mwajiri wake atayakuta pia.

Siri ya usalama nayo ni halali, mradi iwe na tarehe ya mwisho. Kwenye linux-distros, orodha ya faragha ambako wasambazaji wa Linux hupashana habari za mapema, siri hairuhusiwi kupita siku 14. Machi 2024 Andres Freund alipogundua mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, alianza kuwajulisha watu wa usalama wa Debian, mmoja wa wasambazaji hao, na orodha hiyo, kisha tarehe 29 akaweka kila kitu hadharani kwenye oss-security, orodha ya wazi ya masuala ya usalama. Panapoharibika mara nyingi ni pale kiraka, yaani msimbo wa kuziba udhaifu, kinapoingia kwenye hazina ya wazi ya msimbo kabla ya toleo kutoka, na maelezo yake yanautaja udhaifu wenyewe. Wavamizi nao husoma hazina.

Linaloniudhi ni mambo ya kawaida yanayoteleza kuingia sirini. Mtu anauliza private@, "Tuache kuhudumia Java 8?", yaani toleo la zamani la Java. Watatu wanakubali, na baada ya siku nne msimbo umeondolewa. Watumiaji wakiuliza sababu kwenye dev@, hakuna uzi wa mjadala wa kuwaonyesha. Aliyekuwa na kiraka cha Java 8 kilichofika nusu anajua kwamba maamuzi yanafanyika asikoona, na anaondoka kimyakimya. Hapakuwa na siri yoyote ya kulinda! Waliandika kule kwa sababu ni kutulivu na wote wanafahamiana.

Mjadala kama huo unarudishwa hivi. Anzisha uzi mpya dev@, eleza swali, njia zilizofikiriwa na sababu za kila moja, kwa maneno yako mwenyewe. Usisambaze barua za wenzako wala kuzinukuu bila ruhusa yao. Waliandika wakiamini haziendi mbali. Kisha weka kiungo private@ na uombe wote waendelee kule. Usiandike anwani zote mbili kwenye barua moja, kwani kuna atakayebonyeza "jibu wote" huku akitaja jina la mtu, na barua ikishanakiliwa na tovuti za kumbukumbu hairudi.

Uamuzi uupe saa 72 pia. Saa nane mchana California wakati wa kiangazi ni saa sita usiku Dodoma. Jambo likimalizwa ndani ya saa mbili kwenye gumzo la Slack, mchangiaji wa huku anaamka na kukuta limekwisha. Gumzo si baya, lakini aliyelianzisha apeleke muhtasari dev@ siku hiyohiyo.

Wapo wanaosema tuandike faragha sasa, tutafungua baadaye. Debian walipiga kura mwaka 2005 kwamba barua za debian-private, orodha yao ya faragha, zifunguliwe zikishapita miaka 3. Kazi ya kuzipitia moja moja na kuwasikiliza waandishi ilikosa watu wa kuifanya, na mwaka 2016 kura nyingine ikakiri kwamba orodha itabaki ya faragha.

Miradi ya Apache hupeleka ripoti kwa bodi kila miezi mitatu. Huo ndio wakati mzuri wa mwenyekiti kupitia vichwa vya barua za private@: uzi usiohusu mtu, udhaifu wala sheria uandikiwe muhtasari na uhamie dev@ kabla ripoti haijatumwa.