Obviasli, Mzee

Nimerudi kutoka Iringa jana usiku, mgongo umekakamaa, magoti yanalia, na nina neno na vijana wa mji huu. Siyo baridi. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba tumeizoea, anayeilalamikia ni mgeni wa Dar. Nina neno na hilo neno lenu la Kiingereza, obviously, yaani dhahiri. Obviasli.

Sijui limeingilia wapi. Zamani kijana wa Mwanjelwa ukimuuliza kitu alikuwa na majibu mawili, "ndiyo" na "sijui". Yote yalikuwa ya uongo, lakini ulijua pa kusimamia. Sasa namuuliza binti yangu wa kidato cha pili kama amefua sare: obviasli. Sare iko pale pale, ina tope. Namuuliza muuza viazi wa Uyole, lile gunia lenye kilemba juu ni lumbesa au ndiyo kipimo halali? Obviasli. Lipi sasa?

Hao ni wanafunzi. Profesa wao nilimkuta juzi stendi ya Nane Nane, kwenye dirisha la tiketi, koti zito juu, kandambili chini. Nikajiweka sawa. Mimi ni mtu mzima, nina kofia, nakwenda kikao cha harusi ya mtoto wa dada yangu, sibabaiki mbele ya mkata tiketi.

"Kijana, basi la Iringa lipo?"

"Shikamoo mzee. Obviasli."

"Marahaba. Linaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili kamili, obviasli."

"Siti ya dirishani?"

"Obviasli, mzee wangu."

"Linafika mjini kabisa?"

"Obviasli."

"Halisimami simami njiani?"

"Obviasli."

Hapo nikasita. Ukiulizwa "halisimami?" ukajibu "ndiyo", maana yake ndiyo, halisimami. Hata mtoto anajua. Lakini obviasli linaangukia upande gani? Nikamuuliza: obviasli linasimama, au obviasli halisimami? Akanitazama kwa huruma. "Mzee, si iko wazi?" Nikatoa hela.

Saa mbili tulikuwa stendi. Saa tatu tulikuwa stendi, ila sasa injini inanguruma, dereva anasogeza basi hatua mbili mbele, anarudisha moja nyuma, ili tuamini. Siti yangu ya dirishani ilikuwepo. Dirisha ndilo lilikuwa la mama wa mbele. Mimi nilipewa ile nguzo ya chuma kati ya dirisha na dirisha. Na mama alikuwa amevuta pazia.

Uyole tukapakia. Igurusi tukapakia mchele, gunia moja likalazwa juu ya miguu yangu bila hata kusalimiana. Chimala tukasimama. Igawa wakapanda kuku. Makambako, zile dakika kumi za kuchimba dawa zikawa kikao kizima, dereva anakula taratibu, mtu asiye na harusi. Nikamwita konda.

"Nyie si mlisema halisimami?"

"Mzee wangu, abiria wako njiani, obviasli tutawaacha?"

Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza anayeshuka Mafinga, akacheka mpaka miwani ikateleza. Akasema konda amepatia kuliko anavyojua. Eti hilo neno, obviously, mizizi yake ni Kilatini, ob na via, yaani kilicho mbele yako njiani, unachokutana nacho hata hukukitafuta. Ndipo likaja kuwa "dhahiri". "Kwa hiyo," akasema, "obviasli halisi ni hilo gunia." Sikuweza kubisha, vidole vya miguu vilikuwa vimeshakufa ganzi.

Mwalimu mstaafu ukishamwasha hana breki. Akasema neno hili likikaa katikati ya sentensi, kwamba fulani dhahiri amechoka, linaeleza kinachoonekana kwa macho. Likitangulizwa mwanzoni linamweleza msemaji: anakwambia usinibishie. Ndiyo maana yeye alikuwa akilikata kwa wino mwekundu. Jambo likiwa wazi, neno la nini? Lisipokuwa wazi, huo ni ubabe. Akaniambia lina ndugu yake, apparently, ambaye zamani naye alimaanisha "waziwazi", akatumika mpaka akachakaa, leo maana yake ni "inaonekana hivyo", karibu na "eti". Nikamwambia mwalimu, hili la stendi limeshafika kwenye eti, limepita, linatafuta geti.

Na sisi tusijicheke, "bila shaka" yetu iko wapi? Fundi akikwambia kabati litakuwa tayari Ijumaa bila shaka, wewe nguo zako endelea kuzitundika kwenye kiti.

Giza limeingia, konda akagonga bodi. "Iringa! Iringa mwisho!" Nachungulia, tuko Ipogolo, bondeni, na mji uko kule juu mlimani. Nikasema kijana, mimi nimelipa nifike mjini. Akanyoosha mkono kwenye zile taa.

"Si ule pale mzee? Huuoni?"

Nilikuwa nauona. Waziwazi kabisa. Nikapanda bajaji, mwenye bajaji akanipangia bei ya mtu mwenye kofia.

Kikao chenyewe nilikuta kinafungwa. Nikapewa soda ya moto na daftari la michango, na jina langu limeshaandikwa na ahadi limeshaahidi, sijui nani aliniahidia. Bwana harusi hayupo, yuko kazini Dodoma, atakuja siku yenyewe. Ila keki imeshakubaliwa kwa kauli moja, ngazi saba. Nikauliza, ngazi saba za nini? Nani anapanda? Mwenyekiti akasema swali limepitwa na muda, twende kwenye mengineyo, na mengineyo yalikuwa mapambo.