Mpira niwaachie watoto?

Jumatatu iliyopita tulimzika jirani yangu, makaburi ya Kikowani hapa Mombasa. Alikuwa na miaka 51. Kiharusi kilimkuta alfajiri akijitayarisha kwenda msikitini, na kabla ya adhuhuri mambo yalikuwa yamekwisha. Njiani kurudi kutoka makaburini kila mtu alikuwa na lake la kusema, na lote lilikuwa moja: presha. Presha inatumaliza. Kesho yake, baada ya swala ya laasiri, nikapita mbele ya maskani, pale wanaume wa mtaa wanapokaa kupiga soga. Watu ni wale wale. Nimevaa kaptula, njumu zangu mkononi. Mmoja akapaza sauti: "Mzee mzima! Umri huo bado wakimbizana na mpira? Waachie watoto!" Wakacheka wote.

Sikujibu. Hasira niliyokuwa nayo ingenitoa maneno yasiyofaa wiki ya matanga. Najibu hapa.

Nina miaka 47. Miaka mitatu iliyopita muuguzi alinifunga kile kitambaa mkononi, akapima, akanyamaza, akakihamishia mkono wa pili. Alipokirudisha ule wa kwanza nikajua mambo si mazuri. 158 kwa 98. Nikaandikiwa vidonge na kupewa neno moja la kwendea nyumbani: "Ufanye mazoezi." Marehemu naye aliambiwa hivyo hivyo. Najua, maana tulikuwa tukienda kliniki pamoja.

Nilijaribu. Nikawa natembea Mama Ngina kila jioni, upepo wa bahari usoni, harufu ya viazi karai kila hatua. Nilifika wiki tatu. Siku ya kwanza niliyokosa, hakuna aliyeuliza. Ya pili vile vile. Ya tatu nikawa nimeacha. Mtu ukifanya mazoezi peke yako huna wa kukudai.

Mpira unakudai. Tunacheza Jumanne na Alhamisi kwenye uwanja wa shule moja huko Tudor, kuanzia saa kumi na nusu mpaka adhana ya magharibi. Ikifika saa kumi na dakika arubaini sijaonekana, simu inalia: "Uko wapi? Tuko kumi na tatu, hatugawiki." Neno hilo limeniinua kwenye kochi siku nyingi kuliko hofu ya kufa. Nimetoka kazini nimechoka, joto la Februari limenikausha, lakini najua nisipokwenda upande mmoja utapungua mtu. Nikishafika, sihesabu dakika. Mtu anakupiga chenga, unageuka na kumfukuza kabla hujajiuliza kama pumzi unazo. Unakwenda mbio, unasimama, unatembea, unaruka kichwa, mbio tena. Moyo unapanda na kushuka saa nzima, na wewe akili yako iko kwenye mpira. Niambie nikimbie hivyo peke yangu kutoka Makupa hadi Kibokoni, sitafika Mwembe Tayari.

Wala si mimi peke yangu. Mtafiti Peter Krustrup na wenzake, kule Denmark, waliwachukua wanaume 33 wenye presha, wa miaka 31 hadi 54, wasio na mazoea ya mazoezi. Kundi moja likapewa ushauri wa daktari, kama ule niliopewa mimi. La pili likapewa mpira, saa moja, mara mbili kwa wiki. Baada ya miezi 6 waliocheza walikuwa wametoka wastani wa 151 kwa 92 wakafika 139 kwa 84. Wa ushauri nao walishuka, lakini si kama wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka jirani yangu, maana yeye alibaki kwenye kundi la ushauri.

Na alitaka kuja. Hili ndilo linaloniuma. Nilimwita mara ngapi! Kuna jioni alinisindikiza mpaka kwenye lango la uwanja, akasimama dakika kumi akitazama, mguu wake wa kulia ukichezacheza ndani ya kandambili kila mpira ulipopita karibu. Ujanani alikuwa winga hodari. Nikamwambia vua kandambili, ingia. Akatikisa kichwa. "Watanicheka pale maskani." Mtu alikuwa na presha, ana watoto wanne, na kilichomzuia ni kicheko cha watu ambao Jumatatu walibeba jeneza lake. Sisemi mpira ungemponya, ajuaye ni Mungu. Nasema alizuiwa asijaribu, na tuliomzuia ni sisi.

Haya, nakubali, mpira unaumiza. Mwaka jana mwenzetu, dereva wa tuktuk, alikatika mshipa wa kisigino. Sauti yake niliisikia nikiwa golini upande wa pili. Miezi mitano hakugusa usukani, tukawa tunamchangia. Tangu siku ile hakuna anayeingia kabla ya kupasha misuli, na anayecheza rafu anatolewa. Na kama umefika arubaini na umekaa miaka bila kukimbia, kapimwe presha kwanza, kisha uanze polepole. Kifua kikibana, toka, ukatafute daktari. Vidonge vyangu bado nameza. Presha yangu imeteremka, lakini kuviacha ni la kuamua daktari.

Na akina mama je? Kwenye visiwa vya Faroe wanawake wa miaka 35 hadi 50 wenye presha walicheza wiki 15, na ile namba ya juu ikashuka kwa 12. Hapo Kilifi tu, shirika la Moving the Goalposts linawachezesha mpira wasichana tangu 2001. Lakini dada yangu wa miaka 42, ambaye sukari imeanza kumnyemelea, akitaka kucheza atacheza wapi, na nani, saa ngapi?

Viwanja navyo ni kesi nyingine. Kile nilichojifunzia mpira, Changamwe, leo kimepangwa makontena. Hilo nitaliandikia siku yake.

Tulichobakiwa nacho bila kumwomba mtu ni pwani. Jumapili tunachezea mchanga wa ufuo wa Pirates, na huko mwenye ratiba ni bahari. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana, usijisumbue kuja laasiri, maji yamejaa mpaka kwenye ukingo. Njoo asubuhi, saa tatu na nusu, yakiwa yametoka mbali na kuacha mchanga mgumu uliosawazika kama sakafu iliyopigwa maji. Magoli ni kandambili nne. Ukianguka huumii sana, na uwanja mdogo wa watu saba kwa saba hakuna anayepata nafasi ya kusimama. Tukimaliza tunaingia baharini na jasho letu, kisha madafu.

Jumapili hii ni bamvua. Mtoto mkubwa wa marehemu, wa miaka 24, ameniuliza kama anaweza kuja. Pamoja naye tuko kumi na tatu. Wewe uliyepaza sauti pale maskani, saizi ya mguu wako naijua, na nina njumu za ziada.