Nani Ananunua Nyaya Zilizoibwa Dodoma?

Duka langu la vifaa vya ujenzi liko upande wa Kizota, na katika miaka minane ya kuliendesha nimeibiwa mara tatu. Mara mbili za kwanza zilikuwa za kibaka wa kawaida aliyeondoka na koki ndani ya koti au kufuli ndani ya mfuko. Mara ya tatu ilikuwa tofauti. Waliingia watu wanne kwa zamu ndani ya nusu saa, kila mmoja akijifanya hawafahamu wenzake: wa kwanza alitaka kupimiwa bomba nje ya duka, wa pili akamwomba msaidizi wangu apande ngazi amshushie rangi, wa tatu akanishikilia kwa maswali ya bei ya mabati ya geji 28 na ya geji 30, na wa nne akatoka na rola nne za nyaya za umeme, akazipakia kwenye bajaji iliyokuwa ikimsubiri.

Nilikwenda kituoni, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi, nikaambiwa nikipata majina ya watuhumiwa niyapeleke. Sikuyapata. Kilichopatikana ni rola mbili kati ya zile nne, wiki tatu baadaye, kwenye nyumba inayojengwa ambako nilikuwa nimepeleka saruji. Nilizitambua kwa tarehe ninayoiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kila mzigo unaoingia dukani. Fundi hakuonesha hofu yoyote. Alisema, “Mama, mimi nimeletewa tu, na bei ilikuwa nzuri.” Mwenye nyumba, mtu mwenye kazi ya heshima na ambaye naamini hajawahi kuiba hata sindano, alisema mambo ya vifaa amemwachia fundi. Kwa hiyo mbele yangu walisimama watu wawili walionufaika na wizi ule, na kila mmoja alijiona hana hatia.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba juhudi za Serikali dhidi ya wizi wa madukani zinaelekezwa zaidi kwa mtu anayebeba mali, na zinamgusa kidogo mno mtu anayeinunua. Sipuuzi yaliyofanyika. Kuwapo kwa polisi kata kumetusaidia, kwa sababu sasa tuna askari tunayemfahamu kwa sura na kwa namba ya simu, na vikundi vya ulinzi shirikishi vimepunguza uvunjaji wa maduka usiku katika mitaa inayovichangia kwa uaminifu. Lakini genge linaloiba mchana, kwa utulivu, likiwa limegawana kazi, halizuiliwi na doria ya usiku. Linafanya biashara, na biashara hufa pale tu mteja anapokosekana.

Dodoma ina wateja wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika eneo ambalo leo ni jiji, na ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, watu wamejenga bila kupumzika, kuanzia Mji wa Serikali kule Mtumba hadi vyumba viwili vya mtumishi anayejenga kwa mkopo. Kila jengo linahitaji nyaya, koki, vitasa na swichi, na vitu hivyo vikishafungwa ukutani hakuna anayeweza kusema vilitoka duka gani. Mwizi wa simu anahangaika kutafuta mnunuzi. Mwizi wa nyaya anasubiriwa na fundi.

Sheria ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Maneno hayo “sababu ya kuamini” ndiyo ninayotaka yafanyiwe kazi. Mtu anayenunua rola ya waya kwa nusu ya bei ya dukani, usiku, kutoka nyuma ya bajaji, bila risiti, ana sababu zote za kuamini. Aidha, Sheria ya Uhujumu Uchumi na Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka 1984 inatambua kosa la kuongoza genge la uhalifu, na sioni kwa nini anayewatuma vijana wanne dukani kwangu achukuliwe kama mdokozi.

Marekani nayo imehangaika na jambo hili. Jimbo la California lina kikosi maalumu cha askari wa barabara kuu kinachofuatilia magenge ya wizi wa madukani tangu mwaka 2019, na Novemba 2024 wapiga kura wa jimbo hilo waliongeza adhabu kwa wanaorudia kuiba. Kilichonivutia zaidi ni sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika Juni 2023, INFORM Consumers Act, inayoyataka masoko ya mtandaoni yahakiki utambulisho wa kila muuzaji mkubwa, yaani anayefikisha mauzo 200 ya bidhaa mpya na mapato ya dola 5,000 ndani ya miezi 12. Sheria hiyo haimfukuzi mwizi barabarani. Inambana mahali anapouzia. Yapo pia makosa yao ya kuepuka. Mwaka 2023 chama cha wauzaji rejareja cha huko, National Retail Federation, kilidai kwamba karibu nusu ya hasara ya dola bilioni 94.5 ilisababishwa na wizi wa magenge, kisha Desemba mwaka huohuo kikaliondoa dai hilo kwa kuwa hesabu yake haikuwa sahihi. Nasi wafanyabiashara tusikuze takwimu ili tusikilizwe. Kila wizi uandikwe jinsi ulivyotokea, hata wa koki moja.

Hapa kwetu Serikali imekwisha kuonesha kwamba inaweza kuiondolea thamani bidhaa isiyo halali. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizizima simu bandia nchi nzima, na hadi leo anayetaka kununua simu anaweza kubonyeza *#06# kupata namba yake ya utambulisho, kisha akaituma kwenda 15090 kuihakiki. Waya hauzimwi kwa namna hiyo, lakini una risiti. Mashine za risiti za kielektroniki tunazo tangu mwaka 2010, nasi tumezizoea kama chombo cha kodi peke yake, wakati zingeweza pia kuwa ushahidi wa mahali mali ilikotoka. Mkaguzi wa ujenzi anapofika kwenye jengo kuangalia kibali na ramani, angeweza kuomba pia risiti za nyaya, mabati na nondo. Ni karatasi ambayo mwenye nyumba mwaminifu anapaswa kuwa nayo tayari.

Jambo moja linaniumiza, nami siwezi kulipita. Mtaani kwetu kijana akikamatwa na koki mbili hupigwa, na wapo waliokufa kwa kipigo hicho, huku aliyekuwa akisubiri kuzinunua akiwa amesimama palepale miongoni mwa watazamaji. Nimewahi kumfunika mmoja kwa kanga yangu hadi askari walipofika. Alikuwa na umri wa mwanangu wa pili, na alipoulizwa alikokuwa akipeleka mali hiyo alimtaja mtu mwenye duka. Mtu huyo hakuitwa hata kuhojiwa.

Mkutano wa mtaa wetu unakuja mwishoni mwa mwezi, na mwenyekiti amekubali kuiweka hoja hii kwenye ajenda. Nitaomba mambo mawili: mafundi wote wanaojenga mtaani waandikishwe katika ofisi ya mtendaji, na polisi kata afuatane na afisa biashara kukagua risiti kwenye majengo. Risiti zangu nimekwisha anza kuziandika namba ya kila rola ninayouza.