Motorola ikinguruma: kununua nyingine, au kutafuta kelele inafuata nini

Wakuu wa zamu za walinzi hapa Lubumbashi wana kanuni moja ambayo nimeisikia kuanzia Katuba hadi Golf: motorola ikianza kunguruma unaposema, usihangaike nayo, nunua nyingine. Motorola ni redio ya mkononi ya kuitana, ya kubonyeza kitufe na kusema. Tunaziita hivyo hata zile ambazo kampuni ya Motorola haikuzitengeneza; jina limekuwa la kifaa. Mafundi nao wana kanuni yao: lete, tufungue. Mimi ni fundi, nakula kwa kufungua, basi anayenisoma ajue nimekaa upande gani. Hata hivyo miaka ya kazi imenifanya nizishuku kanuni zote mbili, kwa kuwa mwenye kununua na mwenye kufungua wote wameamua kabla ya kupima.

Kwanza tuelewane ni kelele gani. Mwenye redio mbovu haisikii kelele yake. Anaisikia mwenzake wa upande wa pili. Ndiyo sababu ugomvi huwa mkali. Wa kwanza anaapa redio yake ni nzima, maana anawasikia wote vizuri. Wa pili anasema anasikia nyuki. Wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa njia ya kupokea na njia ya kutuma ndani ya redio ni mbili, na maiki haina kazi yoyote wakati wa kupokea. Tena si kila mkwaruzo unatoka kwenye maiki. Sauti ikija na mvumo wa "shhh" unaopungua msemaji akisogea hatua chache au akipanda ghorofani, hiyo ni ishara iliyochoka njiani. Hapo redio haina kosa, na bisibisi haitasaidia.

Wanaosema "nunua" hawasemi kwa uvivu. Mkuu wa zamu ana watu sita kwenye uzio, saa nane ya usiku, umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, umekatika, na mmoja anaita. Anachotaka ni neno lisikike mara ya kwanza. "Geti ya nyuma" ikisikika kama "geti ya mbele", watu wanakimbilia pasipo na mwizi. Redio ya bei ya chini inayoletwa mpaka huku kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wakati mwingine bei yake haiachani mbali na gharama ya kuitengeneza. Halafu redio nyingi za siku hizi zimerundika karibu kazi zote ndani ya chipu moja. Hiyo ikifa, fundi wa mtaani hana la kufanya. Na kuna jambo ambalo sisi mafundi hatupendi kulisema: redio iliyozibwa dhidi ya maji ikifunguliwa bila kubadilishiwa mpira wake haizibi tena kama mwanzo. Mvua ya Januari itamaliza kile ambacho bisibisi ilianza.

Hoja hizo nazikubali. Ninachokataa ni kwamba zinahusu kelele ya kutuma. Kelele hii, kwa sehemu kubwa ya redio zilizopita mezani kwangu, inatoka nje ya chipu: kwenye maiki, kwenye waya, kwenye betri, kwenye chaja, au mahali mlinzi aliposimama. Hivyo vyote mtu anaweza kuvipima bila kufungua kitu.

Kipimo chenyewe kinataka redio ya pili nzima na simu ya kurekodia. Redio ya pili iwe mbali, mita hamsini au zaidi. Ukiziweka mbili juu ya meza moja, sauti inazunguka kutoka spika ya huku hadi maiki ya kule na kupiga mluzi, na mpokeaji anazidiwa na nguvu, kisha utalaumu redio isiyo na kosa. Mtu wa upande wa pili arekodi. Wewe bonyeza kitufe, nyamaza sekunde tano. Ziba tundu la maiki kwa kidole, nyamaza tano nyingine. Ondoa kidole, sema. Kelele ikipungua ulipoziba, ilikuwa sauti ya kweli hewani: jenereta, upepo, feni ya chumba cha seva. Nimeona posti ya walinzi iliyowekwa hatua nne kutoka kwenye jenereta, na redio tatu zilizobadilishwa hapo mfululizo. Kiti ndicho kilipaswa kubadilishwa mahali. Kelele ikibaki vilevile chini ya kidole, basi ni ya umeme, na sasa unaanza kuuliza inafuata nini.

Badilisha betri peke yake, rekodi. Badilisha antena peke yake, rekodi. Chomoa maiki ya begani, tumia ya ndani, rekodi. Punguza nguvu ya kutuma, rekodi. Kitu kimoja kila mara. Anayebadilisha betri na antena kwa pamoja akapata sauti safi hajui kilichomponya, na wiki ijayo atarudi.

Kelele ikihamia redio nyingine pamoja na betri, umemaliza. Redio ya wati 5 yenye betri ya volti 7.4 hunywa karibu ampea moja na nusu wakati wa kutuma, mara nyingi zaidi ya inapopokea. Kwa hiyo betri iliyochoka inaweza kupokea siku nzima bila shida, kisha volti zinaanguka mara tu unapobonyeza, na sauti inakatika au inalia. Kabla ya kuilaumu betri, futa vishikizo vyake, yale mabati yanayogusana na redio. Jasho na vumbi letu jekundu la kiangazi hutengeneza utando ambao jicho halioni, na mkondo mkubwa ukijaribu kupita hapo unakatikakatika. Kitambaa kikavu na spiriti kidogo vinatosha.

Vumbi hilohilo huingia kwenye tundu la maiki. Hapa naomba mafundi wenzangu na walinzi pia wanisikie: msizibue tundu hilo kwa sindano. Nyuma yake kuna kidude kidogo cha mviringo chenye utando mwembamba sana, na sindano huupasua. Redio iliyokuja na sauti hafifu inaondoka na mkwaruzo, na mwenyewe anakubali kwamba kweli imekufa. Kidude hicho ni cha bei ndogo, na kukilehemu upya ni kazi ya nusu saa ukizingatia upande wa chanya na hasi. Kwa redio iliyopasuliwa maiki, upande wa kutengeneza hauna mpinzani.

Sasa wale nyuki. Mkuu mmoja wa zamu alinijia na redio ya UHF, yaani ya masafa ya juu, na maneno haya: "Papa, hii wamesema nitupe, lakini ni mpya." Ilikuwa na maiki ya begani. Kwa nguvu kubwa ilinguruma, kwa nguvu ndogo ikanyamaza. Nikaondoa antena nikaweka mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu ya redio badala ya kuirusha hewani (bila mzigo huo usibonyeze kamwe redio isiyo na antena, utaunguza sehemu yake ya mwisho ya kutuma), nikarudisha nguvu kubwa: kimya, sauti safi. Hapo jibu lilikuwa limeonekana. Mawimbi yanayotoka kwenye antena yalikuwa yanaingia kwenye waya wa maiki, waya ukawa antena ya pili, na ndani ya maiki mawimbi yale yakageuka kuwa sauti. Nilimwomba avae kama anavyovaa kazini. Redio kiunoni upande wa kulia, waya umepanda sambamba na antena hadi bega la kulia. Tukahamisha maiki bega la kushoto na kubana kwenye waya, karibu na plagi, pete ya feraiti inayozuia mawimbi ya redio. Nyuki wakaondoka.

Upande wa kununua utajibu kwamba redio iliyoundwa vizuri ingekuwa na kinga hiyo ndani yake, na hapo wako sahihi. Kinga yenyewe ni kapasita ndogo sambamba na maiki, kama pikofaradi 100 kwa VHF, yaani masafa ya chini ya UHF, na 33 hadi 47 kwa UHF, inayoyapitisha mawimbi ya redio kwenda ardhini na kuiacha sauti. Kwenye baadhi ya redio na maiki za bei ya chini imeachwa. Fundi anaweza kuilehemu. Lakini kama kelele inabaki hata kwa maiki ya ndani, kwa antena nzuri, kwa nguvu kubwa, mawimbi yanaingia kupitia ubao wenyewe, na kumfukuza mdudu huyo kunaweza kuchukua siku mbili bila ushindi. Mimi humwambia mteja atumie nguvu ndogo kama uzio wake ni mfupi, au aiache. Siku mbili hizo simtozi mtu.

Mngurumo mzito una hadithi yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na chaja mbaya huacha mngurumo wa hezi 100. Redio iliyo mkononi, ikila betri yake, karibu haina njia ya kuuingiza mngurumo huo. Ukiusikia redio ikiwa kwenye kiti cha chaja, inyanyue. Mngurumo ukiondoka, tatizo ni chaja. Usipoondoka, tazama menyu. Kundi nyingi hutumia toni ya chini inayofungua spika za wenzao, ile inayoandikwa CTCSS, na hutumwa muda wote unapobonyeza. Huanzia hezi 67, na mojawapo ni hezi 100.0 kamili. Mpokeaji mwenye kichujio kizuri huikata usiisikie. Mwenye kichujio hafifu huiacha ipite. Hapo toni iliyowekwa kwa makusudi na ubovu wa chaja vinasikika sawasawa masikioni. Izime kwa muda pande zote mbili ujue. Katika mji wa hezi 50 mimi siweki 100.0 kwa mteja yeyote, 88.5 inafanya kazi ileile bila kuleta mashaka.

Kuna mahali ambapo wanaosema nunua wanashinda bila mjadala. Redio iliyothibitishwa kwa maeneo yenye gesi au mvuke wa mafuta, yenye alama ya ATEX, isifunguliwe na fundi wa mtaani hata kwa maiki ya bei ndogo. Uthibitisho huo hutegemea kila kilichomo ndani, na ghala la mafuta si mahali pa kujaribia. Irudishwe kwa mwenye kibali au ibadilishwe.

Lakini kununua nako kuna kelele yake. Kundi la redio za zamani limepangwa kwa mkanda mpana wa kilohezi 25. Inaongezwa moja mpya iliyopangwa kwa mkanda mwembamba wa kilohezi 12.5. Redio ya zamani ikituma, sauti yake inapanuka hadi kilohezi 5 kila upande, na ile mpya imejiandaa kwa 2.5 tu. Maneno ya sauti kubwa yanatoka yamekwaruzika. Nani atalaumiwa? Ya zamani. Inatupwa, inanunuliwa mpya ya pili, kisha ya tatu. Nimekuta sanduku la redio nzima zilizohukumiwa hivyo, wakati marekebisho yalikuwa ya dakika mbili kwa kebo na kompyuta. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu pesa ile ingewanunulia wale zamu makoti ya mvua.

Basi nimefanya badiliko moja kwenye meza yangu. Fundi anayelipwa kwa kufungua tu atafungua tu, nami nilikuwa hivyo. Sasa natoza bei ndogo ya kupima peke yake, na mteja anaondoka na rekodi zake ndani ya WhatsApp: hii ni betri, hii ni waya, hii achana nayo. Wengine wanakasirika kwamba wamelipa na redio haijafunguliwa. Yule wa nyuki alirudi na redio saba ndani ya mfuko wa raba. Tatu zilikuwa na waya upande wa antena, mbili zilikuwa na vishikizo vya betri vichafu, na moja ilikuwa imechomwa sindano. Ya saba nilimwambia anunue nyingine.