Asidi Ipi Bora? Kwanza Nionyesheni Gego

Juzi nimekaa saa nzima kwenye semina ya meno, mada ni asidi ipi bora ya kusafisha ndani ya mzizi wa jino, nikionyeshwa picha za hadubini ya elektroni. Jino hili limesafishwa kwa EDTA (kemikali inayonyofoa kalsiamu) asilimia 17, hili asidi ya sitriki asilimia 10, hili asidi ya maleiki asilimia 7. Vitundu vya dentini (ile sehemu ngumu inayojenga ukuta wa mzizi) viko wazi kama sega lililokamuliwa asali. Ukumbi ukaguna kwa raha. Nikauliza ni meno gani hayo. Ya mbele. Mzizi mmoja, umenyooka, taji limekatwa ili sindano iingie vizuri.

Ehee!

Sigombani na asidi. Klorini tunayoanza nayo (ndugu yake jiki ya kufulia, msishtuke) inayeyusha nyama iliyooza na kuua vijidudu, lakini lile tope ambalo faili (kijisindano cha kukwangulia mzizi) hulipaka ukutani mwa mzizi haliwezi, maana sehemu kubwa yake ni madini. Hapo lazima asidi au EDTA. Watafiti McComb na Smith walilionyesha tope hilo tangu 1975, na bila meno yaliyong'olewa yakapasuliwa tusingelijua. Haya, hilo nawapa.

Ila jino la maabara mara nyingi ncha yake iko wazi: dawa inaingia juu, inatokea chini, kama maji kwenye mpira wa bustani. Mdomoni ncha imezungukwa na mfupa. Hewa inanasa kule chini, dawa inagota. Na sindano yenyewe ikiishia katikati ya mzizi, dawa huvuka mbele ya tundu lake milimita chache tu. Sasa niletee gego la juu, mizizi mitatu, mmoja umepinda kama ndoana. Hiyo asidi bingwa itafikaje? Someni majedwali ya tafiti zenyewe: theluthi ya juu safi, ya kati safi, ya nchani tope limebaki, asidi hii au ile. Na nchani ndiko usaha unakoanzia! Tunashindanisha sabuni wakati mkono haufiki mgongoni.

Muda nao. EDTA dakika moja inatosha. Iache kumi, inaanza kula dentini yenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi nilimimina sitriki juu ya klorini kwenye kikombe kimoja, nione tu. Harufu ya bwawa la kuogelea ikanipiga puani, mwalimu akafungua madirisha yote bila kusema neno. Tangu siku hiyo, kati ya dawa moja na nyingine nasuuza kwa maji ya chumvi.

Mwishoni nikanyoosha mkono tena: katika picha zote hizi, hakuna hata gego moja lililozibwa ncha kwa nta ili lifanane na la mdomoni? "Swali zuri, daktari, tutalijadili wakati wa chai."

Chai ilikuwa na sambusa. Mtoa mada alikuwa ameshaondoka.